Mkaguzi wa uwanja wa ndege alisoma karatasi zangu za hospitali: alikuwa na haki?

SWALI: Mwezi uliopita nikiwa safarini niliambiwa niingie kwenye ile mashine ya kuinua mikono. Ikaonyesha kitu upande wa paja, dada mmoja akanipapasa mbele ya foleni nzima. Mwenzake akafungua begi langu, akatoa bahasha yenye majibu yangu ya hospitali, akayasoma ukurasa kwa ukurasa, kisha akampa na mwingine. Nilipouliza ni sheria gani inawaruhusu, nikajibiwa: "Hii ni usalama, kama hutaki usisafiri." Je, sheria hiyo ipo? Ningeweza kukataa? Na nikisafiri tena, niifunge bahasha kwa gundi?

JIBU: Dada yangu, pole sana. Nitaanza na bahasha, maana naona ndiyo iliyokuuma kuliko kupapaswa. Mkaguzi yule alikuwa na mamlaka ya kuishika, kuifungua, kuipangusa kwa kile kitambaa cha kupimia chembe za vilipuzi na kuhakikisha hakuna wembe uliofichwa kati ya karatasi. Kusoma majibu yako hakukuwa kazi yake, na kumpa mwenzake naye asome ndiko kulikovuka mpaka kabisa. Kwa nini natenganisha mambo hayo mawili, utaelewa tukijua mamlaka yenyewe yalitoka wapi.

Kwa kawaida dola haimpekui mtu hivi hivi tu. Askari akitaka kufungua begi lako barabarani, nchi nyingi zinamtaka awe na sababu ya kukushuku wewe binafsi, au awe na hati ya mahakama. Kwenye uwanja wa ndege utaratibu huo haupo: wanakaguliwa wote, mtoto mchanga na bibi kizee, bila yeyote kushukiwa lolote. Hali hiyo haikuwapo tangu zamani. Kulikuwa na wakati abiria alitembea kutoka mlangoni mpaka kwenye ngazi ya ndege bila mtu kumgusa. Kilichogeuza mambo ni wimbi la utekaji nyara wa ndege mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970. Novemba 1972 ndege ya Southern Airways ilitekwa huko Marekani, na watekaji wakatishia kuiangusha juu ya kinu cha nyuklia cha Oak Ridge. Wiki chache baadaye, tarehe 5 Januari 1973, ukaguzi wa kila abiria na kila begi la mkononi ukawa lazima nchini humo.

Dunia ilifuata mwaka uliofuata. Mkataba wa Chicago, uliotiwa saini tarehe 7 Desemba 1944, ndio uliozaa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, ambalo leo lina nchi wanachama 193. Mkataba huo una viambatisho vinavyoweka viwango vya kila kitu, kuanzia leseni za marubani hadi kelele za injini. Kiambatisho cha 17, kinachohusu ulinzi wa usafiri wa anga dhidi ya vitendo vya uhalifu, kilipitishwa tarehe 22 Machi 1974. Kinaitaka kila nchi iwe na mamlaka inayosimamia ulinzi huo, iwe na mpango wa taifa ulioandikwa, na ihakikishe abiria na mabegi yao ya mkononi wanakaguliwa kabla ya kupanda ndege.

Hapa kuna jambo ambalo hata baadhi ya wanasheria hulipita haraka. Kiambatisho cha 17 kinazifunga nchi. Hakimpi mkaguzi aliyesimama mbele yako ruhusa ya kukugusa. Ruhusa hiyo lazima itoke kwenye sheria ya nchi uliyosimama ndani yake. Uingereza inayo Sheria ya Ulinzi wa Usafiri wa Anga ya 1982. Marekani ilitunga yake Novemba 2001, baada ya mashambulizi ya Septemba, na ndiyo iliyounda TSA, idara ya serikali inayokagua abiria viwanjani. Umoja wa Ulaya una Kanuni namba 300 ya 2008 na kanuni ndogo za utekelezaji zilizo chini yake. Kwa hiyo swali lako lilikuwa la haki kabisa na lilistahili jibu. Neno "usalama" si jina la sheria. Mkaguzi halazimiki kukariri vifungu, lakini msimamizi wake lazima aweze kukuambia wanafanya kazi chini ya sheria gani.

Tuje kwenye ile kauli ya "kama hutaki usisafiri". Ina ukweli ndani yake, ila ni ukweli nusu.

Mahakama kadhaa zimeegemea hoja hiyo. Mwaka 2010 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kesi ya Gillan na Quinton dhidi ya Uingereza, iliyohusu watu wawili waliosimamishwa na kupekuliwa na polisi barabarani jijini London. Serikali ilijitetea kwamba upekuzi ule haukutofautiana na wa uwanja wa ndege. Mahakama ikakataa. Ikasema msafiri anajua mapema kwamba atakaguliwa, anaweza kuacha vitu vyake nyumbani, na anaweza kugeuka akaondoka. Mpita njia hana nafasi hiyo. Kwa hiyo walalamikaji walishinda, lakini katika kueleza sababu mahakama iliuchukulia ukaguzi wa uwanja wa ndege kama jambo ambalo abiria amelikubali.

Mimi siipendi sana hoja hiyo ya ridhaa. Anayekwenda kumzika mzazi ng'ambo ya bahari, au kutibiwa mahali ambapo hakuna njia nyingine ya kufika, anaambiwaje kwamba amechagua? Na ridhaa ikichukuliwa kuwa ndiyo msingi, basi hakuna mwisho: umekubali kupapaswa, umekubali kusomwa, umekubali lolote atakalobuni mtu mwenye sare. Msingi ulio imara zaidi ni ule uliowekwa na Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Tisa huko Marekani, mojawapo ya mahakama za rufani za shirikisho, mwaka 1973 katika kesi ya Davis. Mahakama ile haikuuchukulia ukaguzi kama upelelezi wa jinai. Iliuona kama hatua ya kiutawala ya kuzuia silaha na vilipuzi visiingie ndegeni, na kwa sababu hiyo ikaukubali bila hati wala shaka juu ya mtu mmoja mmoja. Lakini iliukubali kwa masharti: usiende mbali wala kwa kina kuliko inavyohitajika kugundua silaha na vilipuzi kwa teknolojia iliyopo, ufanywe kwa nia njema kwa ajili ya lengo hilo tu, na abiria awe na uwezo wa kuuepuka kwa kuamua kutosafiri.

Sharti hilo la pili ndilo ngao yako. Ruhusa ya kukukagua bila kukushuku ilitolewa kwa sababu moja, nayo ni hatari kwa ndege na watu waliomo. Hatari ikishaondolewa shaka, ruhusa imekwisha. Majibu ya damu hayaangushi ndege.

Fikra hiyo haiko Marekani peke yake. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, katika ibara ya 17, unakataza kuingilia faragha ya mtu kiholela au kinyume cha sheria. Vyombo vya haki za binadamu vinapoipima ibara hiyo huuliza yale yale: je, kuna sheria, ina lengo halali, hatua iliyochukuliwa ilihitajika, na je, imepita kiasi? Ukaguzi wa silaha unafaulu mtihani huo bila shida. Kusoma karatasi za mgonjwa aliyekwisha kukaguliwa kunakwama kwenye swali la tatu.

Kuna kesi inayofanana na yako kuliko zote ninazozijua. Mwaka 2009 mahakama ya shirikisho katika jimbo la Ohio ilimsikiliza abiria aliyekuwa na fedha nyingi taslimu. Wakaguzi walifungua bahasha zilizokuwa ndani ya mabegi yake, wakakuta pasipoti zenye majina tofauti. Upande wa mashtaka ulitaka kuzitumia kama ushahidi. Jaji akazitupa nje, kwa sababu wakati bahasha zile zinafunguliwa ukaguzi ulikuwa umeacha kutafuta hatari kwa ndege na kuanza kutafuta uhalifu wa kawaida. Mwaka huohuo TSA ilitoa maelekezo kwa watumishi wake kwamba ukaguzi usifanywe kwa lengo la kutafuta ushahidi wa makosa yasiyohusu usalama wa usafiri. Angalia kwamba mtu yule alikuwa na pasipoti zenye kutia mashaka, na bado mahakama ililinda bahasha zake. Wewe ulikuwa na majibu ya hospitali.

Usielewe vibaya, hata hivyo. Mkaguzi anayetafuta silaha kwa nia njema akikutana na dawa za kulevya, hatakiwi kufumba macho. Nchi nyingi zinamruhusu, na nyingine zinamlazimu, kuita polisi. Na kuna jambo linalowachanganya watu wengi: ndani ya jengo moja kuna mamlaka tatu au nne tofauti. Mkaguzi wa usalama anatafuta kinachoweza kudhuru ndege. Afisa forodha anatafuta bidhaa za magendo na ushuru uliokwepwa. Afisa uhamiaji anataka kujua wewe ni nani na unakwenda kufanya nini. Polisi ana mamlaka yake ya kawaida ya jinai. Wa forodha na uhamiaji, kwa kuwa wamesimama mpakani, wana uwezo mpana kuliko mkaguzi wa usalama, na wao kuangalia karatasi ni sehemu ya kazi yao. Ndiyo maana swali la kwanza ninalomuuliza kila anayenijia na malalamiko ya uwanja wa ndege ni hili: aliyekushika alikuwa nani, na ulikuwa unaondoka au unaingia?

Simu inaonyesha tofauti hiyo vizuri. Mkaguzi wa usalama anaweza kukutaka uiwashe, ili ajue ni simu kweli na si ganda lililojazwa kitu kingine. TSA ilianza kudai hivyo kwenye baadhi ya safari mwaka 2014. Kufungua ujumbe wako hakumsaidii kujua hilo. Mpakani habari ni nyingine. Maafisa wa nchi kadhaa wanadai haki ya kupekua simu bila hati, na mahakama bado zinavutana nao. Katika kesi ya Cotterman ya 2013, Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Tisa ilisema uchunguzi wa kitaalamu wa kifaa mpakani unahitaji kwanza shaka yenye msingi. Mahakama nyingine za nchi hiyohiyo hazikufika huko.

Sasa, ungeweza kukataa? Mashine ya skana inategemea nchi. Ndani ya Umoja wa Ulaya, kanuni za Novemba 2011 zinampa abiria haki ya kuikataa, naye akaguliwe kwa njia nyingine ambayo itajumuisha kupapaswa kwa mkono. Pia zinataka aelezwe kabla hajaingia kwamba haki hiyo anayo. Uingereza ilianza 2010 kwa msimamo mkali, ukikataa skana husafiri, ikaulegeza Novemba 2013. Marekani inaruhusu kukataa, lakini tangu Desemba 2015 TSA imejiwekea uwezo wa kumlazimisha abiria fulani pale inapoona usalama unadai hivyo. Mashine zenyewe zimebadilika pia. Za mwanzo zilichora umbo la mwili karibu na uchi, na mahakama ya rufani ya Washington ilipozipima mwaka 2011 iliziruhusu, ila ikasema TSA ilikosea kuzianzisha bila kuwapa wananchi nafasi ya kutoa maoni. Bunge likalazimisha programu inayoficha mwili, na zile za eksirei zisizoweza kubadilishwa ziliondolewa viwanjani kufikia katikati ya 2013. Sizijui mashine za uwanja ule ulikokaguliwa, ila kama zilikuwa za aina inayotumika sana leo, aliyekuwa kwenye kioo aliona kikaragosi kilekile kinachochorwa kwa kila mtu, na kijisanduku cha rangi pale pajani. Hakuuona mwili wako.

Kukataa vyote viwili, skana na kupapaswa, ni kukataa kusafiri. Hata kukataa huko kuna muda wake. Mwaka 2007 Mahakama ya Mzunguko wa Tisa iliamua kesi ya Aukai, abiria wa Honolulu ambaye ukaguzi ulikwisha kuanza aliposema basi, nimeghairi, naondoka. Mahakama ikasema huwezi kughairi katikati, maana mwenye silaha angejaribu lango hili, akishukiwa arudi, ajaribu lingine kesho. Nadhani hapo mahakama ilikuwa na haki, ingawa nasikitika kwamba viwanja vingi haviweki tangazo kubwa la kuwaambia watu hivyo. Ukitaka kughairi, ghairi kabla begi halijagusa mkanda.

Kupapaswa mbele ya foleni lilikuwa jambo la kuepukika. Taratibu za nchi nyingi zinataka anayekupapasa awe wa jinsia yako, na zinakupa nafasi ya kuomba chumba cha faragha na shahidi wako. Tatizo ni kwamba mara nyingi lazima uombe. Marehemu mama yangu alikuwa na chuma kwenye nyonga, na kila safari mashine ililia. Miaka mingi alipapaswa hadharani kwa sababu hakuna aliyemwambia kuna chumba, naye aliona haya kuuliza. Siku aliyouliza alipelekwa bila neno. Nimekuwa nikiwaambia watu habari hiyo tangu wakati ule.

Umeuliza pia kama sheria inaweza kuwa ya siri. Hukuuliza kwa maneno hayo, lakini kujibiwa "hii ni usalama" ndiko kunakofikisha huko. Sehemu ya taratibu hizi kweli hufichwa, na kwa sababu nzuri: mwongozo wa ICAO wa ulinzi wa anga haupatikani kwa umma, kwa kuwa ungemfundisha mhalifu namna ya kupita. Lakini siri ina mpaka. Septemba 2005 Gottfried Heidrich alizuiwa uwanja wa ndege wa Vienna kwa sababu ya raketi za tenisi kwenye begi la mkononi, na alipopanda nazo akashushwa. Orodha ya vitu vilivyokatazwa ilikuwa kwenye kiambatisho ambacho Umoja wa Ulaya haukukichapisha. Tarehe 10 Machi 2009 Mahakama ya Haki ya Umoja huo iliamua kwamba kiambatisho kisichochapishwa hakiwezi kumtwika raia wajibu wowote. Mkaguzi anaweza kuficha namna anavyotafuta. Kinachokubana wewe, kwamba usibebe hiki au ufanye kile, lazima uweze kukisoma mahali.

Kuna ukaguzi mwingine ambao huuoni, nao una uzito kuliko kupapaswa. Ni wa taarifa za tiketi yako: umelipaje, unasafiri na nani, umeomba kiti cha magurudumu, umeagiza chakula gani. Azimio namba 2396 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la mwaka 2017, linazitaka nchi zikusanye na kuchambua taarifa hizo. Ombi la kiti cha magurudumu linasema jambo juu ya afya, na chakula kinaweza kusema dini. Sheria ya Ulaya inakataza kuchakata taarifa za abiria zinazofichua mambo hayo, na mnamo 21 Juni 2022 mahakama yake ilikataa taarifa za abiria wote kuwekwa miaka 5 bila ubaguzi. Baada ya miezi 6 ya mwanzo, zinabaki tu za wale ambao kuna sababu ya wazi ya kuwahofia. Nayaleta hapa kwa sababu taarifa za afya ndizo zilizosomwa kwako, na sheria nyingi za ulinzi wa taarifa binafsi zinaziweka kwenye kundi linalolindwa kuliko mengine.

Cha kufanya sasa. Andika malalamiko kwa mwendeshaji wa uwanja na kwa mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi ile, na kama nchi hiyo ina tume ya ulinzi wa taarifa binafsi, nayo ipate nakala. Taja tarehe, saa, lango, na chochote unachokumbuka kwenye beji zao. Usilalamikie kukaguliwa, maana hapo watakushinda. Lalamikia kusomwa: kwamba bahasha ilipokwisha kuonekana haina kitu, karatasi ziliendelea kusomwa na kupewa mtu wa pili. Omba picha za kamera za eneo lile zihifadhiwe, na uombe leo, kwa sababu kamera nyingi hufuta picha za zamani baada ya muda mfupi. Uliza pia kama kuna aliyenakili au kupiga picha karatasi hizo.

Kuhusu gundi, usijisumbue. Bahasha iliyofungwa inaweza kufunguliwa, na itavuta macho zaidi. Iweke juu kabisa ya vitu vingine begini, na mkono wa mkaguzi ukiifikia sema kwa sauti ya kawaida: "Hizo ni karatasi za hospitali. Unaweza kuzikagua, lakini naomba zisisomwe, na kama kuna tatizo naomba msimamizi na chumba cha faragha."